Darubini ya Katikati

Hamburg, 3 Februari 2025

Abdulmajidi,

Habari za Singida? Mzee wako wa kiwanda cha mafuta ya alizeti hajambo? Haya, nimeuliza kwa adabu, sasa niruhusu nigombe.

Ripoti yako ya uwanda wa Ikungi imefika. Darubini ya kwanza hadi ya nne umeziacha palepale nilipozichora, kwenye pembe za mraba. Ya tano, ile ya katikati, umeandika: "Pana mwamba. Itafutiwe sehemu nyingine." Kabla ya Krismasi sababu ilikuwa njia ya ng'ombe. Mwezi uliopita ilikuwa maji yanayotuama. Sasa mwamba. Mwezi ujao utaniambia pana simba?

Mwamba gani huo, Abdulmajidi? Pale ni pembeni mwa shamba letu. Nimechimba karanga pale na mama kabla sijaanza darasa la kwanza, na jembe halikugonga hata kokoto. Na katika sehemu zote tano, hiyo ndiyo ilitakiwa isitupe shida yoyote. Kwingine kote uliomba serikali ya kijiji, ukazungushwa, ukarudi tena. Kwa baba yangu unapiga hodi tu.

Wewe ndiye mhandisi wa eneo, mimi ndiye mchora mpangilio. Usiponipa ardhi, nachora hewani. Kamati inafunga usanifu mwisho wa Mei, na ikishafungwa hakuna kitakachohamishwa. Kuna watu hapa ambao tangu mwanzo walitaka mradi uende nchi nyingine. Usiwape maneno ya kusema.

Nijibu kwa kueleweka.

Theodora

*

Singida Mjini, 7 Februari 2025

Dada Theodora,

Salama, na mzee anakusalimu. Anauliza hayo madarubini yako yataanza lini, maana wateja wake wameshachoka kusikia habari zake.

Naona umekasirika. Na mimi huku sicheki. Mlingoti wa kupimia upepo umeangushwa na upepo wenyewe. Barabara ya kutoka Ikungi hadi uwandani imekuwa tope tupu, gari letu limevutwa na ng'ombe wa watu huku watoto wakishangilia. Kile kifaa cha kupima mawingu, mbuzi walikula waya wake. Hivyo usidhani nimekaa kivulini nakutungia hadithi.

Mwamba upo. Sikusema ni wa jiwe la kugongwa na jembe. Kuna miamba ya namna nyingi.

Nakuomba kitu kimoja: ijaribu kompyuta yako bila darubini ya katikati, tuone hasara ni kubwa kiasi gani. Labda si kubwa kama unavyoogopa.

Halafu nikuulize. Mara ya mwisho kuzungumza na nyumbani ilikuwa lini? Sisemi kusalimiana. Nasema kuzungumza.

Abdulmajidi

*

Hamburg, 2 Machi 2025

Abdulmajidi,

Nimejaribu. Kompyuta imefanya kazi wiki nzima na matokeo ni mabaya kuliko nilivyoogopa. Miale mikali ya kutoka angani tunaendelea kuipata, kwa sababu mmweko inaoutoa ikigonga hewa ni mkubwa na unafika hadi kwenye pembe. Miale dhaifu ndiyo inayopotea. Mmweko wake ukidondoka katikati ya mraba, darubini za pembeni zinauona kwa mbali sana, kama mtu anayesikia sauti asijue imetoka wapi. Na miale dhaifu ndiyo niliyoomba kazi hii kwa ajili yake. Miaka yote ya shahada yangu imo humo.

Habari za nyumbani usinifundishe. Napiga simu kila Jumapili. Baba anasema mvua imekuja vizuri, mtama umesimama, kila kitu ni chema.

Sasa nisikilize. Kama hutaki kunieleza huo mwamba wako, nitaomba kamati ilete mhandisi mwingine akapime upya. Sitaki kufanya hivyo. Tulikaa dawati moja chuo kikuu, tulikula ubwabwa kwenye sahani moja. Lakini nitafanya.

Theodora

*

Ikungi, 5 Machi 2025

Theodora,

Haya. Umenifikisha hapo mwenyewe.

Mwamba ni baba yako.

Nilikwenda kwake tangu Novemba. Nilipokelewa vizuri mno, mama yako, mama Editha, akanichinjia kuku. Nilipomwonyesha mzee ramani, akaniuliza, "Hii namba tano iko wapi?" Nikamwambia ni pale penye kichuguu, mwisho wa shamba la karanga. Akaikunja ramani, akanirudishia.

"Pale hapana, mwanangu. Sehemu nyingine yoyote ya shamba langu chukua. Pale hapana."

Nikasema, "Mzee, lakini ni kazi ya binti yako mwenyewe."

"Najua ni kazi ya nani. Usimwambie kwamba nimekataa. Atadhani nampiga vita. Tafuta sababu yoyote ya kihandisi."

Nilirudi mara nyingi, Theodora. Nilimbembeleza, nikamleta mtendaji wa kijiji, nikamweleza umuhimu. Jibu ni hilohilo, na chai juu. Sababu hasemi. Mimi ni mtoto wa mjini, wa watu waliokuja Singida kufanya biashara. Siwezi kumlazimisha mzee wa Kinyaturu ndani ya shamba lake, tena mzee ambaye nimempa neno langu kwamba nitanyamaza.

Sasa neno langu nimelivunja. Ukitaka kuleta mhandisi mwingine, mlete. Atakunywa chai kama mimi.

Abdulmajidi

*

Hamburg, 9 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Mama mpe shikamoo yake.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kwenye mvua na mtama. Barua hii Abdulmajidi ataichapisha pale kwenye duka la steshenari Ikungi, akuletee. Usimlaumu. Nilimbana hadi akasema.

Baba, kwa nini? Ningeelewa angekataa mtu mwingine. Miezi minne nimekuwa nikimtukana rafiki yangu kwa kosa ambalo si lake. Mbele ya kamati nimesema mara zote, "Sehemu ya katikati haina tatizo, ni ya familia yangu." Unajua ninavyoonekana sasa?

Labda sikuwahi kukueleza vizuri. Huko mbali angani kuna nyota zilizokufa na kulipuka, na zinatoa mionzi yenye nguvu kuliko yote tunayoijua. Mionzi hiyo haifiki ardhini. Mwale mmoja ukigonga hewa juu kabisa unapasuka, unakuwa kama manyunyu, na manyunyu hayo yanatoa mmweko wa buluu. Ni mfupi mno, jicho halitauona hata ukikesha. Mmweko huo unadondoka juu ya ardhi kama duara la mwanga wa tochi, duara pana kupita shamba letu lote. Darubini moja ikiuona haijui mwale umetoka upande gani. Zikiuona kadhaa kwa pamoja, kila moja kutoka mahali pake, tunaweza kurudi nyuma hadi kwenye nyota yenyewe. Ndiyo maana zinapangwa kwa nafasi maalumu. Ndiyo maana ya katikati siwezi kuipeleka popote. Sikuichagua kwa sababu ni kwetu. Niliweka rula kwenye ramani ya uwanda, katikati ikaangukia hapo.

Nakuomba, baba. Kama kuna kitu kimekuudhi, nambie mimi.

Mwanao,
Theodora

*

Ikungi, 20 Machi 2025

Mwanangu Theodora,

Marahaba. Bwana Yesu asifiwe. Sisi wazima, isipokuwa mama yako goti linamsumbua na hataki kusikia habari ya kupumzika.

Barua yako nimeisoma, nikamsomea mama yako, kisha nikaisoma tena peke yangu. Habari ya mmweko nimeielewa. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi na najua mtu anapoeleza vizuri.

Sasa nami nikueleze. Mwaka ule ulipokwenda Ulaya nilikaa na ndugu zangu kugawa shamba. Kaka yako Festo nilimpa upande wa barabarani. Nikasema, pale penye kichuguu ni kwa Theodora, atajenga nyumba yake. Baba yako mdogo Calist akasimama. Akasema, "Binti hagawiwi ardhi. Ataolewa, au atabaki huko huko alikokwenda. Unaitupa." Wenzake wakamuunga mkono. Tulikorofishana, na hadi leo Calist akija nyumbani anakaa karibu na mlango kama mgeni.

Sikurudi nyuma. Nimefyatua tofali kila kiangazi, nimezichoma mwenyewe, zimepangwa pale na nimeziezeka kwa nyasi. Sikukuambia kwa sababu nilitaka siku ukirudi uzione.

Halafu anakuja Abdulmajidi na ramani. Wewe mwenyewe umechora mtambo juu ya kiwanja chako. Mwanangu, ukishaweka pale chuma na saruji, utalala wapi ukirudi? Na Calist atasema nini? Atasema, "Niliwaambia. Hata yeye mwenyewe hakukihitaji."

Sina ugomvi na nyota zako. Lakini sitakuwa mimi wa kukiondoa kiwanja mikononi mwako.

Baba yako,
Hosea Alute

*

Hamburg, 28 Mei 2025

Abdulmajidi,

Nimekaa kimya, najua. Kwanza nakuomba radhi kwa maneno yangu ya Februari na Machi. Hukustahili hata moja.

Barua ya baba ninayo mezani. Nilijaribu kumjibu nikashindwa. Nimjibu nini? Kwamba sikujua? Kweli sikujua, lakini pia sikuwahi kumuuliza shamba limegawanywa vipi. Niliona ardhi ya baba nikaiona kama ramani.

Basi nikarudi kwenye kompyuta. Tangu Pasaka nimekuwa nikihamisha darubini. Nimevunja mraba. Ya pili nimeivuta ndani kidogo, ya nne nimeisogeza kuelekea kwenye yale mawe makubwa ya uwandani, na ya tano nimeitoa kabisa katikati, nikaiweka mashariki, kwenye ardhi ya kijiji. Mpangilio umekuwa mbaya kuangalia, kama meno ya mtoto. Miale dhaifu kiasi nimeiokoa, kiasi imekwenda. Inaniuma, sitakuficha.

Jana nilisimama mbele ya kamati. Waliniuliza kwa nini pale katikati pako wazi. Nikasema ardhi hiyo haipatikani, basi. Mmoja akacheka akasema, "Si ulisema ni ya familia yako?" Nikamjibu, "Ndiyo maana." Walibishana kutwa nzima, kisha wakapitisha. Usanifu umefungwa rasmi. Michoro inakwenda kwa wajenzi.

Baba usimwambie bado. Nataka nimwambie mwenyewe nikija Agosti, nimwone uso.

Theodora

*

Ikungi, 28 Mei 2025

Dada Theodora,

Nina habari ambayo nimeapa nisikuambie, na nakuambia. Nimechoka kutunza siri za familia yenu, wallahi. Mimi ni mhandisi.

Baba yako ametoa kiwanja.

Ilikuwa Jumamosi, kwenye mkutano wa kijiji. Mimi nilikwenda kueleza habari za barabara. Mzee akasimama, amevaa koti lake la kanisani, akaomba nafasi. Kumbe nyumbani mama Editha alikuwa amembana wiki kadhaa. Mama mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alimwambia, "Hosea, hiyo nyumba unamjengea mtoto au unamjengea Calist? Mtoto amekuomba kitu kimoja tu tangu aondoke."

Basi mzee akasema mbele ya watu wote, "Pale penye kichuguu ni pa binti yangu Theodora. Ni mali yake. Na kwa kuwa ni mali yake, yeye ndiye anayekitoa kiwanja hicho kwa mradi. Mimi nasema kwa niaba yake." Halafu akamgeukia Calist. "Mtu hatoi kisicho chake, ndugu yangu. Au siyo?" Watu wakapiga makofi.

Tofali zimeshabebwa, zinajenga nyumba ya mwalimu. Kichuguu kimesawazishwa. Serikali ya kijiji imeshaandikisha kwamba eneo ni la mradi. Mzee anataka ulione mwenyewe Agosti, katikati pakiwa peupe pamesafishwa. Amefurahi hadi anatembea tofauti.

Kwa hiyo furahi. Darubini yako ya tano ina mahali. Nimeshindwa kusubiri.

Abdulmajidi

*

Hamburg, 29 Mei 2025

Abdulmajidi,

Naamini barua zetu zimepishana njiani. Sasa umeshaisoma yangu na unajua.

Leo nimekwenda kwa mwenyekiti wa kamati. Nimemwambia ardhi imepatikana, turudishe mpangilio wa zamani. Akanisikiliza kwa upole, jambo lililonikera zaidi. Akasema, "Theodora, juzi ulitumia saa nzima kutuaminisha kwamba haipatikani. Usanifu umefungwa. Labda awamu ya pili." Awamu ya pili haina hata tarehe.

Nilifunga mlango wa ofisi nikalia kwa hasira. Sina wa kumlaumu. Angalau ningemlaumu mtu mmoja ningepumua. Wewe ulinyamaza kwa heshima. Baba alitoa kwa upendo. Mimi nimeacha kwa upendo. Na matokeo yake pale katikati hapana nyumba, hapana darubini, hapana hata kichuguu.

Nenda kwa baba. Mwambie wewe. Mimi kwa simu sitaweza.

Theodora

*

Ikungi, 4 Juni 2025

Mwanangu Theodora,

Abdulmajidi amekuja. Maskini kijana wa watu, alizunguka kwa salamu hadi mama yako akamwambia, "Sema tu, baba, tumekwisha kuogopa."

Nimekasirika. Sitakuficha. Nimekasirika na hao watu wanaofunga kitu leo na kesho hawawezi kukifungua. Nimekasirika na wewe kwa kuniamulia bila kuniuliza. Mama yako akasema, "Na wewe ulimuuliza?" Basi nikatoka nje.

Kiwanja sasa kiko mikononi mwa kijiji. Mradi haukihitaji tena, na Calist ameshapeleka maneno kwamba kigawiwe kwa mwenye kukitumia. Anao vijana wawili. Mimi siwezi kurudi mkutanoni kuomba nilichotoa kwa mbwembwe zile. Mdomo utakuwa mzito.

Kama unakitaka, njoo ukiombe mwenyewe. Kama hukitaki, usije kwa ajili ya kunihurumia. Njoo kusalimia tu.

Baba yako,
Hosea Alute

*

Ikungi, 17 Agosti 2025

Abdulmajidi,

Pole na bandari ya Dar. Mama anasema ukirudi uje moja kwa moja nyumbani. Vioo vya darubini vikikwama huko hadi Septemba, kamati itaniandikia mimi, siyo wewe, kwa hiyo wabane kabisa.

Mkutano ulikuwa jana. Nimekuahidi kukuandikia, na nakuandikia nikiwa bado nina hasira.

Nilisimama. Niliwasalimu wazee kwa utaratibu, mmoja mmoja, nikasema kiwanja cha penye kichuguu kilitolewa kwa jina langu, darubini yake imehamishiwa mashariki, na mimi nakiomba nijenge.

Baba mdogo Calist akasimama. "Mei ulitoa, leo unataka. Wazungu wako wamekikataa?"

"Hawajakikataa, baba. Mimi ndiye niliyewanyima. Nilipowanyima nilikuwa nakitunza."

"Na utaishi lini hapa? Nyumba yako ni ndege."

Hapo ndipo nilipomwambia kitu ambacho hata wewe sikukuambia. Mkataba wangu mpya ni wa huku. Miaka miwili ya kusimika darubini na kuzijaribu, nitakaa Ikungi. Nimeuomba mwenyewe mwezi wa saba, nimeacha nafasi ya Hamburg. Calist akakaa. Hakukubali, usidhani. Alikaa tu.

Walijadili hadi watu wakaanza kuondoka. Mwisho mwenyekiti akasema nipewe, kiandikwe kwa jina langu, siyo la baba wala la Festo. Lakini nisipoweka msingi kabla ya mvua, kinarudi kijijini. Mvua, Abdulmajidi! Na tofali zangu ni ukuta wa mwalimu.

Ulidhani baba alifurahi? Njia nzima alitembea mbele yangu, mikono nyuma. Tulipofika nyumbani nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Nimeshawatangazia watu wote, kanisani na mnadani, kwamba darubini ya katikati ni ya kwangu. Sasa nitawaambia nini? Kwamba katikati pana jiko la Theodora?"

Nikamwambia, "Baba, si ulitaka nyumba?"

"Nilitaka. Halafu nikazoea darubini."

Mama alicheka hadi akashika goti. Mimi sikucheka. Nikamweleza kwamba sheria ya mwanga niliyoandika mwenyewe inakataza taa ya nje ndani ya eneo lote la darubini, na madirisha yafunikwe jua likizama. Mtu pekee atakayeishi ndani ya eneo hilo ni mimi. Akasema sheria hiyo ni ya kijinga, nani aliipitisha. Tumebishana habari ya madirisha hadi ugali ukapoa: yeye anataka makubwa yatazame barabarani, mimi nataka madogo yatazame yale mawe makubwa. Tukahamia kwenye paa, tukabishana paa. Nimelala nimenuna.

Leo alfajiri nimesikia jembe. Nimetoka, nikamkuta pale kwenye kiwanja, amevua koti, anachimba. Nimemuuliza anachimba nini wakati hata ramani hatujakubaliana. Akajibu bila kuinua kichwa:

"Choo. Hicho hakina upande. Shika sululu."

Theodora